Anasoma au Amekariri? Tulivyowapima Watoto wa Madrasa Yetu Nyasho

Jioni moja ya mwezi wa Shaaban uliopita, baada ya swala ya Alasiri, tuliketi katika madrasa ya msikiti wetu hapa Nyasho kumsikiliza kijana wa miaka 10 akisoma. Msahafu ulikuwa umefunguliwa mbele yake kwenye Suratul Maa'un. Kijana akasoma Suratul Fiil. Aliisoma kwa sauti nzuri na makhraja yaliyonyooka, kidole kikitembea kutoka kulia kwenda kushoto kana kwamba kila neno alitamkalo liko chini ya ncha yake. Alipomaliza akaufunga msahafu, akaubusu, akatutazama akingoja tumpongeze.

Ustadhi alinyamaza. Sisi wa kamati tulinyamaza zaidi, kwa kuwa katika mwezi wa Rabiul Awwal, mbele ya wazazi na wageni waliofurika uani, tulikuwa tumemkabidhi kijana huyo huyo zawadi ya kisomo bora.

Tukampa kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, ilhali yeye yuko darasa la nne. Ukurasa ulikuwa na picha ya kuku, na maandishi yake yalihusu watoto waliokwenda kuchota maji. Kijana akaitazama picha, akatusimulia habari ya kuku na vifaranga vyake kwa Kiswahili fasaha kabisa, macho yakiwa juu ya mistari. Tulipomwonyesha neno moja tu, "maji", akasema ni "mama". Ripoti yake ya shule, ambayo mama yake alituletea baadaye, iliandikwa kwamba amefaulu.

Tumeona ni wajibu wetu kuandika yaliyofuata, kwa sababu tunaamini madrasa yetu si ya pekee. Mzazi anayesoma ukurasa huu huenda ana mtoto kama huyo chini ya dari lake, mchangamfu na mwenye kumbukumbu kali, ambaye hajawahi kusoma sentensi moja tangu azaliwe na hakuna aliyewahi kugundua.

Watu wa Musoma hatuna udhuru wa kuliona jambo hili kuwa geni. Ilikuwa katika mji huu, Novemba 1974, ambapo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana na kutoa lile Azimio la Musoma, ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa kila mtoto ipatikane ifikapo 1977 badala ya 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Watoto wakamiminika madarasani, na wazee wetu wanawakumbuka walimu waliofunzwa haraka haraka, huku wakiendelea na kazi, ili kuwapokea. Kijiji cha mtu aliyeliongoza taifa katika uamuzi ule, Butiama, si mbali na hapa.

Linalosahaulika ni kwamba katika miaka ile ile serikali iliwapima watu wazima. Kampeni ya kufuta ujinga haikuishia kuhesabu waliojiandikisha katika madarasa ya jioni. Mwaka 1975 ulifanyika mtihani wa kwanza wa kitaifa wa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa watu wazima, ukarudiwa 1977 na miaka iliyofuata, na mtu aliwekwa katika hatua yake kwa kadiri alivyoweza. Kwa vipimo hivyo taifa lilijua kwamba wasiojua kusoma, waliokuwa kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, na wakashuka chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Mzee mmoja wa kamati yetu anakumbuka mama yake, mwanamke aliyelea watoto wanane, akitetemeka asubuhi ya mtihani ule kuliko alivyotetemeka siku ya ndoa yake.

Bibi akapimwa, lakini mjukuu, kwa muda mrefu, hakupimwa kwa namna ile. Alikaa darasani miaka saba, ndipo akapewa mtihani wa kumaliza shule ambao majibu yake yalikuwa ya kuchagua herufi. Mwenye bahati aliweza kubahatisha. Mwaka 2012 Wizara ya Elimu ilikiri hadharani kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 walioingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Watu walishangaa, ingawa habari ilikuwa imekwisha kutolewa. Tangu 2010 asasi ya Uwezo ilikuwa ikipita nyumba kwa nyumba, katika kaya 20 za kila eneo lililoteuliwa, kuwapima watoto wa miaka 7 hadi 16 kwa maandishi ya kiwango cha darasa la pili. Iligundua kwamba kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili. Katika wanaomaliza darasa la saba, mmoja kati ya watano alishindwa hadithi hiyo hiyo. Njia yenyewe ilitoka India, ambako shirika la Pratham lilianza kuitumia mwaka 2005, na uzuri wake ni kwamba mpimaji hahitaji shahada. Anahitaji karatasi moja, uvumilivu na mkeka.

Mwaka 2013 ukafanyika upimaji wa kitaifa katika shule zenyewe, wa watoto wa darasa la pili, mmoja mmoja, kwa saa ya kuhesabu sekunde. Lengo lililowekwa lilikuwa mtoto asome kiasi cha maneno 50 kwa dakika na aelewe alichosoma. Waliofika hapo walikuwa takriban wanane kati ya 100. Baada ya hapo ndipo mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa, mwaka 2015, ukakazwa katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na upimaji wa darasa la pili ukaanza kuchukuliwa kwa uzito. Mkoa wetu wa Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyofikiwa na mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza, ambao uliwafunza walimu kazini na kuanzisha madarasa ya utayari wa kwenda shule kwa watoto wanaokuja na Kijita, Kikurya, Kizanaki au Kijaluo mdomoni na Kiswahili kidogo tu.

Haya yote ni mema. Lakini tangu ada ilipofutwa tena mwaka 2016 madarasa yamejaa, na mwalimu mwenye watoto 100 mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja hata mara moja kwa juma. Wanaitikia kwa pamoja, na katika kuitikia kwa pamoja mtoto asiyejua hujificha kama samaki katika kundi la samaki.

Sisi watu wa vyuo tulidhani tumesalimika. Utaratibu wetu wa kale ni wa mtoto mmoja mbele ya mwalimu mmoja. Ustadhi humsikiliza, na asipoitengeneza herufi haivuki kwenda ya pili. Kama kuna watu duniani waliojua kupima maendeleo ya msomaji kabla ya kuwapo wizara yoyote, ni walimu wa Qur'ani. Dini yetu wahyi wake wa kwanza ulikuwa amri ya kusoma, na imepokewa katika sira kwamba mateka wa Badr waliojua kuandika na wasiokuwa na fidia walikombolewa kwa kuwafundisha watoto kumi kumi wa Madina. Kwa hiyo hatukushuku. Lakini madrasa nayo imejaa. Pale ambapo ustadhi alikuwa na watoto 15 sasa ana mara nne ya hao, na watoto nao wamejifunza kuitikia kwa pamoja.

Kamati ilikutana usiku ule ule baada ya Ishaa. Si haki kuficha kwamba tulibishana. Mzee wetu mmoja, mtu tunayemheshimu sana, alisema: "Katibu, huyu mtoto amehifadhi. Kuhifadhi ni ibada. Masahaba wengi hawakujua kusoma, nao ni bora kuliko mimi na wewe. Mnataka kumvua taji mtoto wa watu?"

Shekhe akamjibu kwa upole. "Mzee wangu, hifdhi yake ni yake na malipo yake yako kwa Mola wake. Ila huyu anaamini kwamba anachokifanya ndiko kusoma. Na sisi tumemthibitishia kwa zawadi."

Mwingine alihofia wazazi. Madrasa inaendeshwa kwa michango yao, je, wakisikia kwamba miaka mitatu imepita na mtoto hajui silabi? Tukakubaliana hatimaye kuwapima watoto wote wa miaka 7 hadi 12, kwa Kiswahili na kwa herufi za hijai, na tukaweka sharti kwamba hakuna jina litakalosomwa mbele ya mtu, wala hakuna fimbo itakayoinuliwa kwa ajili ya matokeo. Sharti la pili lilipitishwa kwa kura moja tu ya ziada, jambo ambalo linatupa huzuni.

Namna ya kupima ni rahisi, na tunaieleza kwa urefu kidogo ili mzazi aifanye nyumbani. Mtoto huitwa peke yake. Kwanza huonyeshwa silabi zilizochanganywa, si ba-be-bi-bo-bu kwa mpangilio wake, kwa sababu mpangilio ule ni wimbo na kila mtoto anaujua kama wimbo. Aonyeshwe "mo", kisha "ti", kisha "ka", kisha "bu". Akiweza, apewe maneno mafupi. Akiweza maneno, apewe fungu la sentensi tatu au nne, na mwisho kisa kifupi cha nusu ukurasa pamoja na maswali mawili ya kuonyesha kwamba ameelewa. Wapimaji wa Uwezo huziita hatua hizo mbili za mwisho "aya" na "hadithi", na ilitubidi kuwafafanulia vijana wetu waliojitolea kwamba siyo zile tuzifundishazo baada ya Magharibi.

Kuna kipimo kimoja ambacho awali kilitufanya tucheke, nacho ni maneno yasiyokuwapo. Mtoto huandikiwa "lomi", "fuka", "zedo" na mengineyo ambayo hajawahi kuyasoma kitabuni, akaambiwa ayasome. (Kijana wetu mmoja akagundua kwamba "fuka" ni neno halali kabisa, moshi hufuka, tukalifuta.) Sababu yake ni nzito. Neno "mama" mtoto huweza kulitambua kwa umbo lake zima kama anavyotambua nembo ya soda. Neno ambalo halipo hawezi kulikumbuka. Hana budi kuzitamka herufi zake. Kijana wetu wa zawadi aliposhindwa hapo, alitulia, akasema kwa adabu, "Hili hatujafundishwa." Na kwa Kiarabu ndivyo ilivyokuwa: sura aliimudu, lakini herufi tatu tulizoziunganisha wenyewe kwenye ubao hazikumwambia kitu.

Mpimaji wa mkoa huu awe mwangalifu katika jambo moja. Lugha zetu nyingi za huku hazitenganishi "l" na "r" kama Kiswahili kinavyotenganisha. Mtoto akiona "kula" akatamka "kura", huenda amesoma sawasawa na ulimi wa nyumbani ndio uliojibu. Hilo lisihesabiwe kosa la kusoma. Na kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kitamkwavyo, mtoto mwenye shida halisi ya kusoma, ile wataalamu waiitayo disleksia, mara nyingi hataonekana kwa makosa mengi. Ataonekana kwa uzito. Wenzake wamemaliza mstari, yeye bado anaunganisha silabi ya pili, leo, kesho na mwezi ujao, ingawa akili yake ni timamu na katika mazungumzo anawashinda. Mtoto huyo akiitwa mvivu anadhulumiwa.

Matokeo yetu hatutayataja kwa idadi. Mtaa ni mdogo, na mwenye kuhesabu atahesabu mpaka awafikie watu. Tutasema tu kwamba kijana yule hakuwa peke yake, na kwamba wengi wa wenzake walikuwa watoto tuliowaona kuwa wazuri: watulivu, wenye sauti, waliokaa mstari wa mbele. Binti mmoja tuliyemdhania mzito alisoma kisa chote vizuri karatasi ilipokaribia uso wake. Ubaoni alikuwa haoni. Mama yake alimpeleka hospitali, akapata miwani, na kwa binti huyo kazi yetu ikaishia hapo. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu kisomo cha mtoto, yatazamwe macho na masikio yake.

Mama wa kijana wetu alikuja siku tuliyomwita, akiwa ametoka sokoni na kikapu chake. Tulimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Katibu, mwanangu si mjinga."

"Mama, hatukusema hivyo," tukamjibu.

"Mliposema anasoma, nilimwambia baba yake anasoma. Niliwaambia majirani. Sasa niwaambie nini?"

Hatukuwa na jibu lililofaa. Tukamwomba radhi, na hatuoni aibu kuandika hapa kwamba tulimwomba radhi kwa niaba ya kamati nzima. Ndipo akatueleza tusilolijua. Mume wake ni mvuvi, na mwaka ambao kijana alipaswa kuwa darasa la kwanza walikuwa makambini visiwani, wakihama kila dagaa walipohama. Aliporudishwa mjini akaingizwa darasa la umri wake. Silabi zilikuwa zimekwisha kupita. Hakuna aliyemrudisha nyuma, naye kwa kumbukumbu aliyojaaliwa akajenga ukuta mzuri mbele ya tundu lile, miaka mitatu.

Hapa ndipo umuhimu wa kupima mapema unapoonekana. Tundu la darasa la kwanza huzibwa kwa majuma kadhaa. Tundu hilo hilo likifika darasa la nne, masomo yote yameanza kutegemea kusoma: sayansi inasomwa, hesabu zinatolewa kwa maneno, na upimaji wa kitaifa unamngoja. Mtoto anayefikia hapo bila kusoma hajifunzi tena, anajifunza kujificha. Mwisho wake huwa ni utoro, na hapa Musoma utoro una ajira yake tayari kule mwaloni Mwigobero.

Tangu Shawwal tumepanga upya saa za madrasa. Siku tatu kwa juma, kabla ya somo la Qur'ani, watoto hukaa kwa hatua na si kwa umri wala darasa la shule: wa silabi pamoja, wa maneno pamoja, wa visa pamoja. Utaratibu huu nao umeenea kutoka India hadi nchi kadhaa za Afrika, na haukutugharimu zaidi ya chaki na vijana wanne wa kidato cha sita waliojitolea. Tatizo lililotusumbua ni heshima ya wakubwa. Kijana wa miaka 10 kukaa na watoto wa miaka saba ni mzigo. Tukawahamishia wakubwa saa ya baada ya Alfajiri siku za Jumamosi na Jumapili, ambapo wadogo hawapo. Hatudai kwamba tumelimaliza jambo. Wawili wameacha kuja, na tumewatembelea nyumbani kwao mara mbili bila mafanikio.

Zawadi ya kisomo tumeigawa. Ipo ya hifdhi, na ipo ya kusoma, ambayo mshindani atafunguliwa ukurasa asioujua. Mzee wetu aliyepinga ndiye aliyependekeza hivyo.

Kwa mzazi aliye nyumbani, dakika tano zinatosha. Chukua gazeti hili hili. Funika picha. Mwonyeshe mtoto mstari wa katikati, si kichwa cha habari alichokwisha kukusikia ukikisoma, na umwombe asome. Usimsaidie, usimkunjie uso, wala usimwite ndugu yake aje amwonyeshe. Kisha muulize mstari umesema nini. Kama wewe mwenyewe husomi, mwite jirani anayesoma. Hilo halina aibu yoyote. Ukiona amekwama, nenda kwa mwalimu wake wa darasa kwa salamu njema na umwambie ulichokiona, maana mwalimu yule naye analo kundi asiloweza kulimaliza, na mzazi anayekuja na habari mahususi ni msaada kwake. Wala usimpige mtoto kwa alichokificha. Alikificha kwa kutuogopa sisi.

Kijana wetu sasa yuko hatua ya maneno. Jumamosi iliyopita alisoma "nyavu", akarudi mwanzo wa neno, akalisoma tena polepole, akamwuliza ustadhi kama ndizo zile za baba yake. Aliambiwa ndizo. Kipimo kijacho tutakifanya katika juma la pili la Muharram, inshaAllah, kwa watoto wote wa miaka 7 hadi 12 wa mtaa, wawe wanasoma kwetu au kwingine. Mlango utakuwa wazi kuanzia Alasiri, na mtoto ataingia peke yake.